Madaftari hadi saa tano usiku: kazi za nyumbani za darasa la saba ziwe kiasi gani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 13, yuko darasa la saba katika shule ya serikali hapa Dar es Salaam. Anaamka saa 11 alfajiri ili awahi daladala, anarudi saa 11 na nusu jioni kwa sababu wana masomo ya ziada. Akishafika ni kazi za nyumbani. Juzi alikuwa na maswali 50 ya Hisabati, mtihani mzima wa Sayansi, na noti za Uraia za kunakili. Anakaa hadi saa 5 usiku, anasinzia juu ya daftari, analia kwamba asipomaliza atachapwa. Nilimwonea huruma, nikamwandikia noti mimi mwenyewe. Baba yake anasema namdekeza, wao walisoma kwa kibatari na wakafaulu. Mwalimu, kazi za nyumbani za mtoto wa darasa la saba zinapaswa kuwa kiasi gani?
Mama wa Chanika

Jibu: Marahaba mama. Jibu lenyewe nalitanguliza. Mtoto wa darasa la saba, kazi za masomo yote zikijumlishwa, zisizidi saa moja kwa usiku wa siku ya shule. Nasema masomo yote kwa pamoja. Siku nzito zikifika dakika 70, hakuna ubaya. Lakini kwa mtoto kama wako, ambaye ameshabaki shuleni hadi jioni kwa masomo ya ziada, nusu saa hadi dakika 45 zinatosha. Kinachozidi hapo kinaanza kula usingizi wake, na usingizi ndio unaoyashikilia yale aliyofundishwa mchana.

Nimefundisha darasa la saba kwa miaka mingi, na baadaye nikawa nawafundisha walimu wenyewe chuoni, kwa hiyo jambo hili nimelitazama kutoka pande zote mbili za meza. Nakuomba univumilie nieleze saa moja hiyo inatoka wapi, maana utahitaji hoja utakapokaa na mwalimu wake, na utazihitaji zaidi utakapokaa na baba yake.

Tuanze na saa ya ukutani. Madaktari wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2016: mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale kwa muda wa saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 kwa muda wa saa 8 hadi 10. Binti yako ana 13, yuko mpakani. Mchukulie saa 9 za usingizi. Anaamka saa 11 alfajiri. Hesabu kurudi nyuma, utakuta anapaswa kuwa amelala saa 2 usiku. Ukimbana kabisa ukamwachia saa 8 tu, basi saa 3 usiku awe kitandani macho yamefumba. Sasa hivi analala saa 5 na kuamka saa 11. Hizo ni saa 6. Kila usiku anadaiwa saa mbili au tatu, na ikifika Ijumaa deni limefika saa 10 au zaidi, ambazo ni usiku mzima na chenji. Huyo ndiye mtoto anayekaa darasani saa nane mchana, jua kali, akifundishwa asilimia na mwalimu anayeshangaa kwa nini hashiki.

Kutoka saa 11 na nusu jioni hadi saa 3 usiku kuna saa tatu na nusu. Humo ndani kuna kuoga, kula, kupumua kidogo baada ya kusukumana kwenye daladala ambayo konda ameshasema wanafunzi wawili tu, kusali, kusaidia kazi za nyumba, na kuzungumza na nyinyi wazazi wake. Saa moja ya daftari inaingia humo bila kumuumiza. Saa nne haiwezi kuingia, labda uitoe kwenye usingizi, na ndivyo mnavyofanya sasa.

Sasa upande wa utafiti. Mmarekani mmoja, Harris Cooper, alikusanya tafiti nyingi za kazi za nyumbani, akatoa matokeo mwaka 1989, kisha yeye na wenzake wakarudia mwaka 2006. Walichokiona ni kwamba kwa watoto wadogo wa shule ya msingi uhusiano kati ya wingi wa kazi za nyumbani na alama ni mdogo sana, karibu na hakuna. Kwa wanafunzi wa sekondari uhusiano unaonekana vizuri. Watoto wa umri wa binti yako wako katikati: kazi inawasaidia, lakini faida inapanda hadi kati ya saa moja na mbili kwa usiku, kisha inasimama. Ukiongeza maswali hapo, unaongeza uchovu. Huko Marekani walimu na wazazi wengi hutumia kipimo cha dakika kumi kwa kila darasa: darasa la kwanza dakika 10, la nne 40, la saba 70. Naipenda kanuni hiyo kwa sababu mzazi yeyote anaweza kuikumbuka. Tofauti ni kwamba mtoto wa kule kwa kawaida anakuwa ametoka shule saa tisa mchana. Wa kwetu anatoka saa kumi na moja, akiwa ameshafanya maswali mengine mawili matatu marefu kwenye masomo ya ziada. Ndiyo maana nasema wako apunguziwe. Masomo ya ziada ni kazi ya nyumbani iliyofanyiwa shuleni, na lazima yahesabiwe.

Usidhani pia kwamba nchi zinazosifika kwa kusomesha watoto usiku na mchana hazijaliona tatizo. China, ambako mitihani ni jambo la kufa na kupona, serikali ilitoa agizo Julai 2021: darasa la kwanza na la pili wasipewe kazi za kuandika za nyumbani kabisa, na la tatu hadi la sita zisizidi dakika 60. Ufaransa ilipiga marufuku kazi za kuandika za nyumbani kwa shule za msingi tangu mwaka 1956. Uingereza iliwahi kuwaambia walimu mwaka 1998 kwamba watoto wa miaka miwili ya mwisho ya msingi wapewe kama dakika 30 kwa siku, kisha mwaka 2012 ikaufuta mwongozo huo na kuwaachia walimu wakuu waamue wenyewe. Wote hao wanabishana kuhusu nusu saa na saa moja, na hakuna kati yao anayezungumzia saa nne.

Sasa mbona binti yako anapewa nyingi hivyo? Sidhani kuna mwalimu aliyekaa akapanga kumtesa. Darasa la saba lina masomo sita ya mtihani: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, Uraia na Maadili. Kila mwalimu anatoa kazi ndogo tu, ya nusu saa, na kwa upande wake anasema kweli. Sita mara nusu saa ni saa tatu. Hakuna anayeziona hizo saa tatu zikiwa pamoja isipokuwa mtoto, na wewe unayekaa naye mezani. Juu ya hapo mwalimu mwenyewe ana wasiwasi. Baraza la Mitihani limeshaacha kutangaza orodha ya shule kumi bora, lakini kwenye vikao vya kata na wilaya wastani wa shule bado unasomwa, na mwalimu wa somo lililoshuka anasimama kujieleza. Akiulizwa alifanya nini, anataka kuonyesha madaftari yaliyojaa. Na sisi wazazi tunachangia. Mtoto akirudi bila kazi, tunanung'unika kwamba shule ile hawasomi.

Baba yake usimpuuze. Hofu yake ina historia. Kizazi chetu kilipomaliza darasa la saba, nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, na mtoto aliyechaguliwa alikuwa habari ya kijiji kizima. Wengi walioachwa hawakuwa wajinga, nafasi hazikuwepo. Mtihani ule ulikuwa mlango mwembamba kweli. Baadaye ikaja mipango ya kupanua elimu, wa msingi ulioanza mwaka 2002 na wa sekondari mwaka 2004, zikajengwa shule za kata nchi nzima. Kwenye matokeo ya darasa la saba ya mwaka 2023 na 2024, watahiniwa zaidi ya 80 katika kila 100 walifaulu. Mlango umepanuka. Palipobaki pembamba ni kwenye zile shule za vipaji maalumu kama Kilakala, Msalato, Ilboru na Kibaha, ambako ushindani bado ni mkali. Kama ndoto yenu ni huko, bado nitakuambia alale saa 3, maana huko hafiki mtoto anayesinzia. Mwambie mzee kwa upole kwamba kibatari kile alikisomea baada ya kutoka shule mapema mchana. Hakutoka nyumbani alfajiri na kurudi magharibi. Mtoto huyu siku yake ya shule pamoja na njia ni saa kumi na mbili kamili, ndefu kuliko ya watu wazima wengi maofisini.

Lakini kiasi peke yake hakitoshi, na hapa ndipo ningependa tukae zaidi. Saa moja inaweza kuwa dhahabu na inaweza kuwa takataka. Inategemea mtoto anafanya nini humo ndani.

Chukua hayo maswali 50 ya Hisabati. Tuseme binti amesahau MAGAZIJUTO, ule utaratibu wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Anakutana na 6 + 4 × 3. Anajumlisha kwanza, anapata 10, anazidisha kwa 3, anaandika 30. Jibu ni 18. Ukimpa maswali 50 ya namna hiyo na hakuna aliyemwambia amekosea, amefanya mazoezi ya kukosea mara 50. Kosa limezama, na kuling'oa baadaye ni kazi kubwa kuliko kumfundisha upya. Maswali 8 yaliyosahihishwa kesho yake asubuhi, mwalimu akasimama ubaoni akaonyesha wapi wengi wameteleza, yangemfaa zaidi kuliko hayo 50.

Na hayo 50 nani atayasahihisha? Darasa la watoto 90 likipewa maswali 50 kila mmoja, yanakuwa majibu 4,500 kwa somo moja, kwa siku moja. Hata darasa likiwa na 45, idadi ambayo serikali yetu imeiweka kuwa kiwango, ni majibu 2,250. Hakuna mwalimu wa kuyapitia. Kinachotokea unakijua: watoto wanabadilishana madaftari, mmoja anasoma majibu kwa sauti, vema na kosa zinawekwa haraka haraka, kengele inalia.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Nilikuwa nafundisha Hisabati darasa la saba, natoa maswali 40 kila jioni, na nilijivunia. Asubuhi moja nikaamua kukusanya madaftari na kuyasoma kwa macho yangu. Nikakuta madaftari kumi na moja yenye kosa lile lile, kwenye swali lile lile, kwa mstari ule ule. Niliwauliza bila fimbo mkononi. Wakaniambia kwamba wanafika mapema, wanakaa chini ya mwembe, mmoja aliyefanya anatoa daftari, wengine wananakili kabla ya kengele. Watoto wale hawakuwa wavivu. Wengine walitoka kuuza maandazi ya mama zao jioni, wengine nyumbani kwao taa ilizimwa saa mbili ili mafuta yafike kesho. Kazi yangu ilikuwa inawafundisha kunakili. Tangu siku hiyo nikatoa maswali kumi, wakati mwingine sita, na nikayasahihisha yote. Ndipo nilipoanza kujua nani hajui nini.

Vivyo hivyo huo mtihani mzima wa Sayansi. Maswali mengi ya mtihani wa darasa la saba ni ya kuchagua herufi. Mtoto aliyechoka anapita humo akiweka A, C, B, B, na kwa kubahatisha tu atapata kadhaa. Anajiona anajua, mwalimu anaona amemaliza, na hakuna kilichoingia kichwani. Mpunguzie maswali. Mchagulie kumi, na kila moja akuambie kwa mdomo kwa nini herufi hii ni sahihi na kwa nini zile nyingine si sahihi. Huhitaji kujua Sayansi ili kufanya hivyo, mama. Unakaa unakata mboga, yeye anaeleza. Akibabaika, wote wawili mtajua pale ndipo pa kurudia. Kile kitendo cha kukitafuta kitu kichwani mwako bila kuangalia daftari ndicho kinachokiimarisha, na hili limethibitishwa mara nyingi na watafiti wa kumbukumbu. Kusoma noti mara tano huku macho yapo juu yake kunampa mtoto hisia ya kujua, na ukilifunga daftari hisia inaondoka nayo.

Kunakili noti za Uraia nyumbani sitakuficha ninavyoiona: ni kazi ya mkono tu. Noti zinaandikwa darasani, na kama muda hautoshi basi vitabu vya kiada vipo. Kama vitabu havitoshi, wenzake wawili watatu wazunguke na kimoja. Kama kuna kitu cha kwanza cha kuomba kiondolewe, ni hicho.

Kuhusu kumwandikia, nakuelewa, na usiku ule hukumharibu mtoto kwa kunakili noti, kwa sababu hata yeye asingejifunza chochote humo. Lakini usirudie, na kamwe usimfanyie swali la kufikiri. Mwalimu akiona daftari limejaa, anaamini kazi aliyoitoa inawezekana, na kesho anaongeza. Huruma yako inampa taarifa ya uongo. Ni bora aone ukweli: mtoto amefika swali la 12, muda ukaisha, mzazi amemsimamisha.

Hapo sasa tunafika kwenye viboko, maana mtoto analia kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya Hisabati. Jua haki yako. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema adhabu hiyo ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, haizidi viboko vinne, anayeitoa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kushindwa kumaliza maswali 50 saa tano usiku si kosa kubwa la nidhamu kwa maana yoyote ile. Sikutumi ukagombane. Nataka uingie ofisini ukiwa na utulivu wa mtu anayejua anachosimamia. Mtoto anayefanya hesabu huku anaogopa fimbo hafikirii. Anatafuta namna ya kujaza nafasi.

Nenda kwa mwalimu wa darasa ana kwa ana. Usianzie kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Huko mambo yanageuka majungu kabla hujamaliza sentensi, na mwalimu akishaona amesemwa mbele ya watu hatakusikiliza tena. Kabla ya kwenda, wiki moja uandike kwenye karatasi: siku, somo, idadi ya maswali, saa aliyoanza, saa aliyomaliza, saa aliyolala. Siku tano tu. Ukifika, salimia vizuri, mshukuru kwa juhudi zake (na nyingi zao ni juhudi za kweli, zisizo na malipo), kisha mpe karatasi aisome mwenyewe. Walimu wengi hawajawahi kuona jumla ya saa kwa maandishi. Nimeona walimu wakinyamaza kimya baada ya kuisoma.

Muombe kitu kimoja kinachotekelezeka: walimu wa darasa la saba wapange ratiba ya kazi za nyumbani, kila siku masomo mawili tu. Jumatatu Hisabati na Kiswahili, Jumanne Sayansi na Kiingereza, Jumatano Maarifa na Uraia, Alhamisi wanarudia kwenye Hisabati na Kiingereza ambako watoto wengi hukwama, Ijumaa wanapumzika au wanapewa jambo dogo la Jumamosi asubuhi. Ratiba ya namna hiyo inabandikwa ukutani ofisini na haigharimu hata shilingi. Mwalimu wa darasa akisema hana uwezo, mwombe akupeleke kwa mwalimu mkuu, na baada ya hapo ipo kamati ya shule, ambayo wazazi wana wajumbe wao.

Ukisubiri hayo yatimie, usiku wa leo unaweza kuanza. Mtoto afike, ale kwanza, aoge, akae dakika 20 bila kuulizwa chochote. Kisha saa 1 na robo akae mezani, simu zote chumba kingine, pamoja na yako. Aanze na somo linalomsumbua akili ikiwa bado na nguvu. Saa 2 kasorobo asimame. Popote alipofika, chora mstari kwa kalamu, andika pembeni: "Mwalimu, amefanya maswali 12 kwa nusu saa. Nimemsimamisha mimi ili alale. Asante. Mzazi." Tia sahihi yako. Barua hiyo ndogo inamhamishia mtu mzima lile kosa, na utaona mtoto anavyopumua.

Halafu mnunulie daftari moja dogo, la shilingi mia chache, aliite daftari la makosa. Kila swali alilokosa shuleni au nyumbani analiandika humo, na upande wa pili analifanya upya kwa usahihi, akiandika kwa maneno yake alikosea nini: "nilijumlisha kabla ya kuzidisha", "nilichanganya KDS na KKS" (kigawe kidogo cha shirika na kigawo kikubwa cha shirika). Kila Jumamosi asubuhi anafunika majibu na kuyajaribu tena, nusu saa. Likifika Septemba litakuwa na kurasa labda arobaini, na kila ukurasa ni jambo ambalo yeye hasa alikuwa halijui. Mitihani iliyopita ya miaka kumi haiwezi kumpa kitu kama hicho, kwa sababu humo mengi ameshayajua na anayarudia bure. Katika vitu vyote nilivyowahi kuwashauri wazazi, hiki ndicho ambacho sijawahi kukijutia.

Kuna jambo hukulisema nami naomba niulize, kwa sababu nimeliona kwenye nyumba nyingi. Je, huyo binti ndiye anayeosha vyombo na kuchota maji, huku kaka yake yuko sebuleni? Kama ndivyo, kazi ya nyumbani iliyozidi huenda si ya shule peke yake. Gawa upya. Asaidie, ndiyo, kazi za nyumba zinamjenga mtoto, lakini mwaka huu vyombo vya usiku viwe vya mwingine.

Na mwangalie kwa makini anavyofanya. Mtoto mwenye misingi ya kawaida anatumia kama dakika mbili hadi tatu kwa swali la Hisabati la darasa la saba. Akiwa ametulia, hajachoka, na bado maswali kumi yanamchukua saa nzima, basi shida si wingi wa maswali. Mpe kitabu cha hadithi cha darasa la nne asome kwa sauti. Akisoma kwa kukwama kwama, anahitaji kurudishwa kwenye kusoma, na kumlundikia mitihani ni kumpotezea muda. Akikunja uso na kusogeza kitabu karibu na pua, mpeleke akapimwe macho hospitali ya wilaya. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyeitwa mzito kwa miaka miwili, kumbe haoni ubao.

Watakuletea pia habari za kambi, watoto walale shuleni miezi ya mwisho wasome usiku. Kwangu mimi, mtoto mwenye kwao, meza na taa, hahitaji kambi. Mkilazimika, ulizeni kwanza wanalala saa ngapi, wapi, na nani mwanamke mtu mzima analala na mabinti. Majibu yakiwa ya kuzungukazunguka, mtoto abaki nyumbani.

Ikifika wiki ya mtihani, kazi za nyumbani ziishe kabisa. Mtihani ni siku mbili. Jioni ya kuamkia siku ya kwanza apitie daftari lake la makosa kwa nusu saa, mhakikishe penseli zake zimechongwa na kifutio kipo, ale chakula alichokizoea, na taa izimwe saa mbili. Baba yake ndiye amsindikize kituoni asubuhi hiyo.